Nani Aliona, Akanyamaza? Mjadala kuhusu zoezi la kikundi katika darasa la uuguzi

Katika vyuo vingi vya uuguzi, kabla wanafunzi hawajapelekwa wodini, mkufunzi huwagawa katika vikundi, huwapa kazi ya kufanya pamoja, kisha humtaka kila mmoja aandike tafakuri: nini kilitokea, alijisikiaje, amejifunza nini. Kazi yenyewe mara nyingi haihusiani na ugonjwa wowote. Pengine ni kujenga mnara, pengine ni kupanga vitu vya kuokoa baada ya meli kuzama.

Je, kazi hiyo inamwandaa muuguzi, au inampotezea saa ambazo angezitumia kujifunza kupima presha na kuhesabu matone ya dripu? Nimeliweka swali hilo mbele ya sauti nne. Hazina majina, maana nimeziunda zibebe hoja, si kumsema mtu. Yupo mwanafunzi wa stashahada, mkufunzi wake, sista mzoefu wa wodi ya wazazi, na mama aliyewahi kulazwa katika wodi kama hiyo. Utaratibu ni ule tuliouzoea tangu sekondari: hoja hutolewa, hupingwa, mwisho mwenyekiti hutoa uamuzi. Mwenyekiti ni mimi.

Zoezi lenyewe

MWANAFUNZI: Shikamooni wote. Tulikuwa sita. Mwalimu alitupa tambi kavu 20, uzi, selotepu na kipande cha andazi, akasema: dakika 18, jengeni mnara unaosimama wenyewe, andazi likae juu. Kaka mmoja mwenye sauti nene akashika kalamu na kuanza kuchora. Mimi na mwenzangu tukawa tunamkatia selotepu. Mmoja akatunza muda, mwingine akawa kwenye simu. Wa sita, dada mpole anayependa kukaa nyuma, alisema mapema kabisa kwamba miguu ya mnara imekaribiana mno. Alisema mara moja, taratibu, na hakuna aliyegeuka. Dakika ya mwisho tukapandisha andazi, mnara ukalala chini. Baadaye tukaandika tafakuri. Karatasi sita, maneno yale yale: nimejifunza kwamba ushirikiano ni muhimu, nimejifunza kusikilizana. Wote tukapata 14 kwa 20, na yule wa simu akiwemo. Mwalimu, kwa heshima zote, mimi sikujifunza kushirikiana. Nilijifunza kuandika kwamba nimejifunza.

MKUFUNZI: Marahaba, binti. Zoezi hilo sikulibuni mimi. Lilianza kwa mbunifu aitwaye Peter Skillman, kisha Tom Wujec akalitangaza duniani kwa hotuba aliyoitoa mwaka 2010. Wao juu huweka marshmallow, ile peremende laini. Mimi nikaweka andazi kwa kuwa ndilo lililopo kantini. Wujec alieleza jambo lililowachekesha wengi: watoto wa chekechea hujenga minara mirefu kuliko wahitimu wapya wa masomo ya biashara. Wahitimu humaliza muda wakigombea nani awe mkubwa, wakachora mpango mmoja, wakaweka peremende dakika ya mwisho, mnara ukaanguka. Watoto huweka peremende mapema, ukianguka wanajenga mwingine. Sasa niambie, ninyi mlifanya kama nani? Na tafakuri ile ina mpangilio wake, mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa hatua zijazo. Kama mliruka uchambuzi mkakimbilia hitimisho, lawama si ya Gibbs.

SISTA: Mwalimu, usimwonee mtoto. Wewe ulikuwa na karatasi ngapi za kusahihisha?

MKUFUNZI: Za darasa zima, Sista. Na somo hilo nalifundisha peke yangu.

SISTA: Basi umeshajibu. Mwanafunzi anayejua kwamba karatasi yake itapitiwa harakaharaka ataandika kile ambacho jicho la haraka linakitafuta. Hawa si wavivu. Wamekusoma wewe kabla wewe hujawasoma wao.

Mgonjwa anataka nini

MAMA: Mimi si mtaalamu, mniwie radhi. Nilijifungua kwa operesheni. Pale kitandani sikujua kama wauguzi wale wanapendana au hata hawaamkiani, na wala haikunihusu. Nilichotaka ni kwamba nilichomwambia wa usiku kimfikie wa asubuhi. Nilisema tangu mapokezi kwamba penisilini inanidhuru, inanivimbisha uso. Akaja wa pili, akaniuliza tena. Naingizwa thieta, wa tatu akaniuliza. Nikajisemea moyoni, hawa hawazungumzi? Kila mmoja ananianza upya kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

SISTA: Pole, mama. Lakini hapo niache niwatetee wenzangu. Kuulizwa tena kabla ya dawa ya usingizi si dalili ya kusahau, ni sharti. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya kukagua usalama wa upasuaji. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi tunathibitisha jina lake, operesheni anayofanyiwa, sehemu ya mwili, na dawa inayomdhuru. Hata kama imeandikwa kwenye faili kwa wino mwekundu, tunauliza, kwa kuwa faili lililo mkononi linaweza kuwa la mtu mwingine.

MAMA: Basi mngeniambia hivyo. Mtu akiulizwa jambo moja mara tatu bila kuelezwa sababu, anaingiwa na hofu.

SISTA: Hapo umenishinda. Sentensi moja ingetosha, na hatukuitoa.

MKUFUNZI: Mnanitengenezea hoja bila kujua. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008. Miji ilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman, na wa nane ni wetu, Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo yanayofuata upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ina mambo 19. Mojawapo ni hili: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Hakuna mashine mpya hapo. Ni watu kuambiana wao ni nani na wanakwenda kufanya nini. Ikiwa mazungumzo kama hayo ni sehemu ya tiba, kuna ubaya gani kuwazoeza vijana kuzungumza wakiwa bado darasani?

SISTA: Nimeitumia orodha hiyo, Mwalimu. Nimeona pia jinsi inavyoharibiwa: mtu anatia vema kwenye visanduku vyote kabla mgonjwa hajavuka mlango wa thieta, kisha karatasi inaingia kwenye faili, safi kabisa. Jimbo la Ontario, nchini Kanada, lilipohimiza hospitali zake kuitumia, watafiti walizifuatilia hospitali 101 na kuchapisha majibu mwaka 2014. Vifo na matatizo havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Karatasi ile ile! Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi niliyesimama thieta naamini kwamba palipobadilika karatasi tu bila watu kubadilika, mgonjwa hapati kitu.

MWANAFUNZI: Ndiyo tafakuri zetu hizo, Sista. Visanduku sita vya Gibbs, vyote vimejazwa.

Siku moja, au kila wiki

MWENYEKITI: Swali linabaki pale pale. Linalofanywa darasani linafika kitandani au halifiki hata mlangoni pa wodi? Nataka ushahidi, si misemo.

SISTA: Ushahidi upo nyumbani. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 watoa huduma walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walitumia mwanasesere. Mafunzo hayo yanasisitiza dakika ya kwanza, wanayoiita dakika ya dhahabu: kabla haijaisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe anapewa pumzi kwa mfuko na barakoa. Miezi saba baadaye wakapimwa. Kwa mwanasesere, walikuwa hodari kuliko mwanzo. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, utendaji haukuwa umebadilika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo kumbe mchezo unafundisha mchezo tu.

MKUFUNZI: Ngoja, binti. Sista, wasimulie hadi mwisho. Haydom hawakuishia hapo.

SISTA: Sikukusudia kuficha. Waliacha kutegemea siku moja, wakaanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pale pale kwenye wodi ya wazazi, na wenzao wa zamu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa takriban theluthi moja.

MKUFUNZI: Na mafunzo hayo hayo yalipofuatiliwa katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hayo nayo yalichapishwa 2013. Basi usiseme zoezi halifai.

SISTA: Sijasema halifai. Nasema kinachohesabiwa ni mara ngapi, wapi na pamoja na nani. Wewe unatoa dozi moja ya dawa inayotakiwa kumezwa kila wiki, kisha unaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ametibiwa. Vijana wako wamejenga mnara mara moja, na watu ambao huenda hawatapangwa nao zamu hata siku moja. Wakifika wodini wanakuta watu wengine, lugha nyingine, na haraka nyingine.

MKUFUNZI: Na mtaala je? Saa zangu zimehesabiwa. Nikiweka zoezi la ushirikiano kila wiki, nitapunguza anatomia au famasia?

SISTA: Usipunguze chochote. Dakika 5 za kukabidhiana zamu mwanzoni mwa kila kipindi cha vitendo. Wawili wanakabidhi, wawili wanapokea, mmoja anasikiliza kilichosahaulika. Mwanasesere ndiye mgonjwa. Unaanza na mgonjwa mmoja, mwisho wa muhula wanakabidhi wodi nzima. Hapo unafundisha famasia na ushirikiano kwa pumzi moja, maana huwezi kukabidhi dawa usiyoijua.

Anayebebwa

MWENYEKITI: Binti, ulimtaja aliyekuwa kwenye simu, kisha ukamwacha.

MWANAFUNZI: Sikumwacha, nilikuwa namngojea. Sisi tunasema "anabebwa". Kila kazi ya kikundi ina wa kubebwa. Jina lake lipo kwenye jalada la kazi, siku ya kuwasilisha anasimama na shati limepigwa pasi, na alama anapata. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nimeona penye wengi likiharibika, kwa kuwa kila mmoja anaamini mwenzake analishughulikia.

MKUFUNZI: Hapo una shahidi mkubwa. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwavutisha watu kamba na kupima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyokuwa nayo akivuta peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kuwa hata makofi na kelele za shangwe hupungua mtu akiwa kundini. Dawa nayo ikajulikana baadaye: mtu akijua mchango wake utaonekana peke yake, kutega kunapungua sana.

MWANAFUNZI: Uliyajua hayo yote, Mwalimu, na bado ukatupa wote 14?

MKUFUNZI: Binti, vikundi vyote vilikuwa vinajenga kwa wakati mmoja, na macho yangu ni mawili. Alama sita tofauti kwa kila kikundi zinataka nikae na kila kikundi. Lakini swali lako ni la haki, na sina jibu zaidi ya hilo.

SISTA: Wodini tumelitatua zamani. Anayetoa dawa anatia sahihi kwenye chati ya dawa. Anayepokea zamu anatia sahihi kwenye kitabu cha ripoti. Hatufanyi hivyo kwa sababu hatuaminiani, tunafanya ili swali likizuka saa nane usiku ajulikane wa kuulizwa. Wape vijana majukumu yenye majina: fulani anaongoza, fulani anaandika, fulani kazi yake ni kutafuta kasoro na kuzisema. Kila mmoja asahihishwe kwa jukumu lake.

MAMA: Niongeze langu. Siku ya pili niliuliza, muuguzi wangu leo ni nani? Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Sisi wote, mama." Nilishukuru, lakini dripu ilipokwisha sikujua nimwite nani. Wote wangu, na hakuna wangu.

Adabu na ukimya

MWENYEKITI: Turudi kwa dada mpole. Aliona kasoro, akaisema, hakusikika, mnara ukaanguka. Katika tafakuri zile sita, alitajwa?

MWANAFUNZI: Hata yeye mwenyewe hakujitaja.

SISTA: Hapo ndipo kidonda kilipo. Darasani nyote mko daraja moja. Gharama ya kusema ni kuchekwa. Wodini mwanafunzi yuko chini kabisa. Juu yake kuna muuguzi, kuna inchaji, kuna daktari wa intani, kuna bingwa anayepita raundi kubwa na msafara nyuma yake. Mwaka 1967 daktari Mmarekani Leonard Stein aliandika juu ya mchezo wa daktari na muuguzi: muuguzi anajua la kufanya, lakini analisema kwa kuzunguka mpaka daktari aone amelifikiria mwenyewe. Mchezo huo nimeucheza, na wengi tunaucheza, tukiamini tunalinda heshima ya mkubwa. Ukichezwa vizuri hakuna anayeumia. Siku ukichezwa vibaya, anayeumia ni mgonjwa.

MKUFUNZI: Uingereza wanalo tukio wanalolifundisha mpaka leo. Mwaka 2005 Elaine Bromiley aliingia kufanyiwa operesheni ndogo ya pua na sinasi. Baada ya dawa ya usingizi, njia ya hewa ikaziba. Madaktari wazoefu wakang'ang'ana kupitisha mpira kooni, dakika zikakatika. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa njia ya hewa shingoni, akasema viko tayari. Mwingine alikwenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Aliporudi na kukitaja, akaona kwa nyuso za wakubwa kana kwamba ametia chumvi, akakifuta. Mama yule alifariki baada ya siku 13. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani. Hakudai mtu afungwe. Aliuliza kwa nini waliojua hawakusikika, akaanzisha harakati za kufundisha jambo hilo hospitalini, kama marubani walivyokuwa wakifundishana kwa miaka mingi.

MAMA: Kwa hiyo wauguzi walijua.

MKUFUNZI: Walijua, na walisema. Walisema kwa namna ambayo mtu aliyezama kwenye kazi angeweza kutosikia.

MWANAFUNZI: Sasa mimi nifanyeje? Nimelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkatiza akizungumza. Nimwambie bingwa mbele ya watu kwamba amekosea?

SISTA: Hapana, mwanangu. Adabu yako usiitupe, ipe kazi. Wamarekani wana mafunzo ya ushirikiano waliyoyatoa mwaka 2006, yanayoitwa TeamSTEPPS. Humo kuna ngazi tatu za kusema. Ukizileta kwetu zinakaa vizuri tu. Ya kwanza: "Samahani daktari, nina wasiwasi na presha ya huyu mama." Asiposikia, unapanda: "Daktari, bado sijaridhika, naomba tuipime tena." Asiposikia, unasimama wima: "Daktari, hili ni hatari kwa mgonjwa. Naomba tusimame kwanza." Samahani ipo, naomba ipo, heshima ipo. Kilichoondoka ni kunung'unika chinichini.

MWANAFUNZI: Na kwenye simu, usiku, daktari akiwa amelala?

SISTA: Usiku ndiyo kabisa. Sikiliza simu mbaya kwanza: "Daktari, samahani kwa usumbufu, kuna mama huku hali yake siyo nzuri sana, sijui kama utapata nafasi ya kuja kumwangalia." Wewe ungeamka?

MWANAFUNZI: Ningeuliza ni mama gani, nikageuka upande wa pili.

SISTA: Sasa sikiliza nzuri. "Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda namba 4 anavuja damu nyingi. Amejifungua nusu saa iliyopita, uzazi wa tano, kondo limetoka lote. Damu imezidi mililita 700, presha 80 kwa 50, mapigo 128. Nadhani mfuko wa uzazi haujajikaza. Nimemkanda tumbo, nimeongeza oksitosini kwenye dripu, nimeagiza damu. Naomba uje sasa hivi." Sekunde 30. Umesema hali, historia, unachofikiri na unachotaka. Mpangilio huo ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini kupitia Kaiser Permanente, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kupangwa kichwani kabla ya kubonyeza namba. Umuhimu wake uko kwenye sehemu mbili za mwisho. Wengi wetu tunaripoti namba, tunaogopa kusema "nadhani" na "naomba".

MKUFUNZI: Niongeze jambo moja kuhusu ukimya. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1996 utafiti wa wodi kadhaa uliompa majibu ya kushangaza: wodi zenye uongozi mzuri na mshikamano ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Si kwamba walikosea zaidi. Walikuwa hawaogopi kusema. Tangu niliposoma hilo, darasa ambalo tafakuri zote zinasema mambo yalikwenda vizuri linanitia shaka.

MWANAFUNZI: Basi Mwalimu, tuulize tofauti. Usituulize tulijisikiaje. Tuulize nani aliona, na kwa nini hakusikika. Swali hilo huwezi kulikopi kwa mwenzako.

Uamuzi wa mwenyekiti

Hoja zimetosha. Upande wa utetezi umeonyesha kwamba mazungumzo kati ya wahudumu yanaokoa maisha, na kwamba yanaweza kufundishwa; Ifakara na Haydom ni ushahidi usio na haja ya kuazimwa mbali. Upande wa upinzani umeonyesha kwamba mafunzo ya siku moja hubaki pale yalipotolewa, kwamba orodha na tafakuri zinaweza kujazwa bila mtu kufungua mdomo, na kwamba alama moja kwa wote ni mwaliko wa kubebwa.

Uamuzi wangu: zoezi la kikundi libaki, lakini mnara wa tambi utumike mara moja, siku ya kwanza, kama njia ya kujuana tu. Baada ya hapo kazi iwe ya uuguzi wenyewe: kukabidhi zamu, kumpigia daktari simu, kuita msaada mtoto asipolia. Iwe fupi, irudiwe kila wiki, na ngazi ya wodi iigizwe darasani. Mkufunzi acheze bingwa mwenye haraka, na mwanafunzi mpole kuliko wote apewe jukumu la kumsimamisha. Kila jukumu liwe na jina na sahihi, na alama zifuate sahihi. Tafakuri isizidi nusu ukurasa, ijibu swali la binti: nani aliona, alisema vipi, kwa nini hakusikika, na wiki ijayo tutafanya nini ili asikike. Nusu ukurasa mkufunzi mmoja anaweza kuusoma wote.

Tusidanganyane kwamba haya yanamaliza tatizo. Mwanafunzi anayefundishwa kusema "naomba tusimame" atapelekwa kwenye wodi ambako huenda wakubwa hawajawahi kufundishwa kusimama. Kumzoeza mdogo kusema bila kumzoeza mkubwa kusikia ni kumpeleka mtoto akaumizwe. Kwa hiyo ombi langu la kwanza haliwaendei wanafunzi. Linawaendea madaktari, mainchaji na wakufunzi wa udaktari: mwanafunzi wa uuguzi akifungua mdomo kwenye raundi, hata kama amekosea, mshukuru kwanza, msahihishe baadaye. La pili ni kwa mwanafunzi: ukiona, sema, usiposikika, sema tena kwa sauti ya juu zaidi, na samahani yako mbele. La tatu ni kwako msomaji, ambaye wewe au mtu wako mtalazwa siku moja. Kila zamu inapobadilika, uliza muuguzi wako ni nani, na umweleze mwenyewe dawa inayokudhuru, hata kama ulishamwambia wa jana.